Wauza chenso za "kompyuta", mnatuuzia mashine au mnatuuzia safari za Dar?

Wakuu, habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu nikijiambia yaishe, leo nimeshindwa. Mwenye roho nyepesi apite uzi mwingine.

Mimi ni mkata miti, Mafinga. Huu mwaka wa 14 nashika chenso, yaani msumeno wa injini. Nilianza kama kibarua wa kubeba dumu la petroli na tupa, nikapanda mpaka nikawa na mashine zangu 3 na vijana 5. Kazi zetu nyingi ni misindano (paina) na milingoti (mikaratusi) ya watu binafsi pembezoni mwa shamba la miti la Sao Hill: tunaangusha, tunafyeka matawi, tunakata vipande, kisha mwenye dingdong (mashine ya kuchana magogo) anachana mbao au fuso linapeleka magogo kwa Wachina wa plaiwudi. Nayasema haya ili asije mtu aliyewahi kukata mwembe mmoja uani kwake akanifundisha matumizi.

Machi nilinunua chenso mpya, hizi tunazoziita za kompyuta. Milioni 3 na laki 4, taslimu, Dar. Chapa siitaji na duka silitaji, maana uzi ukifutwa nitakuwa nimeandika bure. Muuzaji alinieleza kwa mbwembwe zote: "Kaka, hii haina skrubu za kutyuni. Inajityuni yenyewe. Panda nayo mlima, shuka nayo bondeni, kazi yako wewe ni kuvuta kamba."

Na nisiwe mwongo, mwanzoni ilikuwa hivyo hivyo. Huku tuko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Chenso ya skrubu (zile unazobana au kulegeza kupima petroli inayoingia) iliyotyuniwa Dar ukija kuiwasha huku inakoroma, inafuka moshi, plagi inalowa, kwa sababu petroli inayoingia ni ileile lakini hewa haitoshi. Ukishuka nayo Kilombero kwenye misaji mambo yanageuka, lazima uifungulie mafuta kidogo, usipofanya hivyo inakimbia kikavu na pistoni inakwenda na maji. Hii ya kompyuta niliteremka nayo Kitonga mwezi wa 5 mpaka Ifakara, nikavuta kamba, ikakata kama vile imezaliwa pale. Nikawa naisifia vijiweni. Kuna watu wawili nimewashawishi wakanunua. Mniwie radhi, wanyalukolo.

Sasa njooni Julai.

Mzee mmoja wa Igowole alinipa ekari 11 za misindano. Fuso la kwanza linakuja Alhamisi. Jumanne asubuhi, ukungu ule wa Mufindi mnaoujua, baridi mpaka vidole havikunji, mashine ikawaka kwa kamba ya pili. Sailensa, yaani injini ikiunguruma bila resi, imetulia. Nikaisogeza kwenye shina, nikaipa resi, ikazima. Nikavuta, ikawaka, sailensa safi, nikaipa resi, ikazima. Mara ya tano ikakubali lakini kwa kukohoa, nguvu hakuna, mti wa inchi 14 inautafuna kama kibogoyo na muwa. Nikabadili plagi. Nikasafisha eaklina. Nikamwaga mafuta yote nikachanganya mapya, 1 kwa 50, oili ya maana. Wapi!

Nikapanda bodaboda na mashine mapajani mpaka kwa fundi wetu. Huyu mzee anatyuni kwa sikio. Anayo bisibisi moja fupi, mpini umezungushiwa mpira wa tairi ya baiskeli, na hiyo ndiyo karakana nzima. Anaanza na skrubu ya chini mpaka sailensa itulie, halafu anaipa resi yote, anaibana ile ya juu taratibu mpaka injini ianze kupiga kelele nyembamba, kisha anairudisha kama robo ya mzunguko mpaka usikie imekoroma kidogo. Hapo anakuambia ingiza kwenye gogo. Ikiingia kwenye gogo mkoroma ukakatika sauti ikawa safi, amemaliza. Elfu 10. Dakika 5 kama hajakutana na mtu wa kumpigisha stori.

Basi akafungua kifuniko, akachomoa eaklina, akashika bisibisi yake, na mkono ukabaki hewani. Akainama. Akaigeuza mashine. Akawasha tochi ya simu. "Mwanangu, matundu ya skrubu yako wapi?" Nikamwambia, hayapo baba. Akanitazama kama nimemletea ng'ombe asiye na chuchu nikamwambia akamue.

Kwa msiozijua: pale zilipokuwa skrubu mbili za mafuta, siku hizi kuna kivali kidogo chenye waya, kinafungua na kufunga njia ya petroli kwa umeme. Betri hakuna, umeme unatoka kwenye flaiwili unapovuta kamba. Kisanduku cha umeme kinapima kasi ya injini, kinachezea mafuta kidogo, kinaangalia kasi imepanda au imeshuka, kisha kinaamua chenyewe. Stihl wanauita mfumo huo M-Tronic, Husqvarna wanauita AutoTune. Nimetaja majina ili mjue naongelea aina gani, sijasema yangu ni ipi.

Nikampigia muuzaji. Yule yule wa "kazi yako kuvuta kamba". Akaniambia, "Itume tuichomeke kwenye kompyuta." Nikamuuliza Iringa hamna mtu? Hamna. Mbeya? Kuna kijana ila kifaa hana. Nikaifunga kwenye boksi la sabuni nikaipandisha basi, karibu kilomita 600, mashine inakwenda hospitali ya rufaa kwa kikohozi.

Siku 19.

Siku 19, wakuu! Fuso lilikuja Alhamisi likakuta magogo robo tu ya ahadi. Nikakodi chenso ya Stihl 070 kuukuu ya jirani kwa elfu 40 kwa siku. Wasioijua hiyo, ni muundo wa miaka ya 1960, cc 106, uzito zaidi ya kilo 10 bila hata mnyororo, breki ya mnyororo haina, ya kupunguza mtikisiko haina. Jioni mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Lakini kila ukivuta kamba inawaka, na ikisumbua unatoa bisibisi mfukoni, unaigeuza hapo hapo kwenye kisiki, mnaendelea. Ekari 11 zile nimezimaliza na hilo babu.

Majibu ya Dar yakaja: vali imekwama, mafuta machafu, waranti haihusiki. Lipa laki 4 na elfu 80.

Haya mafuta machafu ndiyo yananichefua kuliko vyote. Mnajua kabisa mnauza kwa nani. EWURA, wasimamizi wa nishati, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu kuchakachua, na kweli vituoni kumepungua. Ila sisi kituoni tunafika mara moja kwa wiki. Mengine tunanunua ya dumu, kijijini, yamekaa juani, kifuniko ni mfuko wa nailoni. Hiyo ndiyo petroli ya msituni, na muuzaji hakuniambia neno hata moja siku napokea risiti. Kabureta ya zamani inakula uchafu ule ule. Ikiziba unaifungua, unapuliza kwa mdomo, unatema mate, unafunga. Nani atapuliza kisanduku cha umeme?

Nikalipa. Nifanyeje. Mashine ikarudi, ikafanya kazi wiki mbili, halafu ikaanza tena: sailensa safi, resi, inazima.

Safari hii sikuita basi. Nilirudi kwa mzee wangu nikamwambia fungua kila kitu kinachofunguka. Akafungua. Ule mpira unaounganisha kabureta na silinda, akaukunja kwa kidole gumba, na kwa chini, upande ambao jicho halifiki, kuna ufa. Mwembamba kama unywele, ukiukunja unafunguka kama mdomo wa samaki. Hewa ya wizi ilikuwa inapita pale siku zote. Mpira mpya elfu 35, Makambako. Nikaufunga, nikaiacha ikae sailensa, nikaipa resi, nikakata magogo matano sita ijifunze upya kama kitabu chake kinavyosema (kitabu ambacho pale dukani hakuna aliyekifungua, nimekisoma mwenyewe kwa kamusi). Tangu hapo haijazima.

Kwa hiyo laki 4 na 80 zilikwenda kwenye nini? Wale wa kompyuta walichomeka, wakaona vali, wakabadili vali. Labda ilikuwa mbovu kweli, labda haikuwa, hawakunirudishia ya zamani niione. Ila ule mpira hakuna aliyeugusa.

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu na hizi mashine, achana na hela. Chenso ya skrubu ikianza kuvuta hewa ya wizi inakupigia kelele mapema. Sailensa inapanda yenyewe, ukiachia resi inachelewa kushuka, mtu mwenye masikio anajua leo kuna kitu, anaisimamisha. Hii ya kompyuta inakuficha. Inaongeza mafuta kimya kimya kufidia, inaongeza, inaongeza, wewe unakata unaimba, mpaka siku imefika mwisho wa uwezo wake wa kufidia, inakufa katikati ya kazi na fuso liko njiani. Ni kama mke anayekuambia hakuna kitu, sijakasirika, mpaka siku unakuta kabati tupu.

Msinielewe vibaya, na za skrubu si malaika. 2019 kijana wangu mmoja alibana ile skrubu ya juu "ili mashine iwe na kasi", ikapiga kelele tamu nusu siku, mchana pistoni ikanata kwenye silinda. Ilinitoka laki 6. Kompyuta isingemruhusu ule ujinga. Ukiwa na vibarua wasiosikia ninakubali kabisa, zina faida. Na petroli zinakula kidogo, hilo nimelipima kwa dumu.

Lakini zimetengenezwa kwa ajili ya nani? Ulaya wamebana sheria za moshi, tangu miaka ya 2000 zimezikuta hata injini ndogo za mkononi, ikabidi viwanda vitafute akili ya umeme. Sawa, sheria ni yao na misitu ni yao. Mkata miti wa Sweden mashine ikikohoa anaipeleka kwa wakala wa mjini kwake, wanaichomeka akiwa anakunywa kahawa. Mimi mnaniletea mashine ile ile bila ule waya wa kuchomeka. Ukiwauliza wakala wa mikoani, waya huo unatolewa kwa mafundi wa kampuni tu. Mikoa ya miti ni huku, Iringa, Njombe, Mbeya, Ruvuma. Vifaa vya kupimia vyote mmevirundika Dar ambako mti mkubwa ni mnazi!

NYONGEZA, saa 3 usiku

Naona mmejaa. Nijibu wachache nikalale.

Mkuu unayesema ninunue ile ya kuingiza mafuta kwa pampu, isiyo na kabureta kabisa: MS 500i ya Stihl naijua, imetoka 2019, cc 79, nyepesi, nimeishika kwa mwarabu mmoja sikutaka kuirudisha. Na ikigoma Igowole naichomeka wapi? Swali langu ni hilo hilo, umeniongezea bei tu.

Dada wa Eldoret, asante. Umesema huko kwenu pawa so zote za skrubu bado zinauzwa na spea zipo kila kona. Hata huku zipo, cc 70 za kawaida kabisa, na kwa misindano ya huku inayovunwa ikiwa michanga zinatosha na zinabaki. Nilipigwa na tamaa, hilo nakiri.

Yule aliyeandika "fundi wako ndiye mshamba": fundi wangu mshamba ndiye aliyeona ufa. Kompyuta yako haikuuona. Kalale.

Na wewe uliyeniambia kimya kimya unafanya kazi kwenye duka mojawapo na kwamba hata ninyi mna kifaa kimoja kwa matawi yote, sitakutaja, ila ungelisema hadharani ungetusaidia wengi.

Mashine siiuzi, maana nitakayemuuzia nitakuwa nimemfanyia nilichofanyiwa. Itabaki ya milingoti minene, karibu na barabara, siku zisizo na fuso. Vijana nawanunulia mashine mbili za skrubu mwezi ujao.

Nikimaliza: nimesikia Njombe mjini kuna kijana amepata ule waya na programu yake, anazunguka nao kwa pikipiki. Anayemfahamu aniambie anatoza shilingi ngapi kuchomeka mara moja, na kama anasoma aina zote au moja tu. Hao wawili niliowaingiza mkenge, mmoja yake imeanza kukohoa tangu juzi, nataka nimpeleke Jumamosi.