Wahariri wa video za harusi Mombasa, mmezidi na hizi rangi zenu za chungwa!

Wadau, leo sinyamazi. Studio moja ya hapa mjini imetuletea video ya harusi ya dada yangu, na tulipoiweka kwenye runinga mama aliuliza, "Huyu ni mwanangu au wa nani?" Uso wa biarusi ni chungwa tupu. Kanzu ya bwana harusi, iliyokuwa nyeupe pepepe, imeingia samawati kama iliyozidishiwa buluu ya kufulia. Na ile leso ya kisutu ambayo nyanya aliitoa sandukuni kwa ajili ya siku ile? Wekundu wake umekuwa kutu, na weusi wake umegeuka kijani cha bahari. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, kila mtu wa pwani anajua. Hiyo ya kwenye video siijui ni leso gani.

Lililonichoma zaidi ni hina. Aliyemchora alikesha na ile mikono, maua mpaka viwikoni. Kwenye video huoni kitu, kwa sababu ngozi yenyewe imepakwa rangi ya hina! Picha za Fort Jesus nazo, uso na ukuta wa matumbawe nyuma yake ni rangi moja.

Nimewapigia simu. Wananijibu eti hiyo ndiyo sinematiki, watu siku hizi wanataka hivyo. Watu gani? Sisi tuliolipa hatukuulizwa.

Mimi pia nahariri video, kwa hiyo wasinifanye mgeni wa jambo hili. Walichofanya kinaonekana wazi: wamechukua luti ya kupakua mtandaoni, yaani faili la rangi zilizopangwa tayari, ile ya chungwa na kijani, wakaitandaza juu ya video nzima kutoka nikaha hadi picha za kule bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, kwa nguvu ile ile. Nikaha ilikuwa usiku, chini ya taa za msikitini. Nyumbani mlikuwa na balbu za njano. Mama Ngina lilikuwa jua kali la mchana. Kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya njano ya nyumbani iko kwenye 2700 hadi 3000 hivi, jua la mchana 5600 hivi. Huwezi kupaka rangi moja juu ya vitu hivyo kabla hujasawazisha weupe wa kila tukio, la sivyo penye njano utaongeza njano mpaka watu waonekane wana homa ya manjano. Tena luti nyingi zimetengenezwa kwa video iliyorekodiwa kwa logi, ile inayotoka kwenye kamera ikiwa imepauka. Ukiibandika kwenye video ya kawaida, vivuli vinakufa. Mabuibui ya kina mama yamekuwa doa moja jeusi, nakshi hata moja haionekani, na nakshi zile watu walizilipia.

Msiniambie kutia rangi ni sanaa ya zamani. Najua. Enzi za filamu bubu walichovya filamu kwenye rangi: buluu kwa usiku, kaharabu kwa taa za ndani, nyekundu kwa moto. Lakini ile ilikuwa filamu nyeusi na nyeupe. Wao walitia rangi pasipokuwa na rangi, nyinyi mnaifuta iliyopo. Hata efekti ya Tint kwenye Premiere Pro, programu ya kuhariri video, inafanya kazi hivyo hivyo: weusi unaupa rangi moja, weupe unaupa nyingine, na ukiiacha asilimia 100 rangi zote za asili zinaondoka. Ndiyo maana imewekwa kipimo cha kuipunguza! Premiere na programu mwenzake DaVinci Resolve zote zina vektaskopu, duara linaloonyesha rangi zilizomo kwenye picha, yenye mstari wa rangi ya ngozi, na ngozi ya binadamu, awe mweusi au mweupe, hukaa karibu na mstari huo huo. Kuutazama ni sekunde chache.

Sisemi msitie rangi. Tieni, lakini kidogo, tukio kwa tukio, na ngozi muizingire kwa maski, ule mpaka unaochorwa juu ya picha, isiguswe. Mteja muonyesheni dakika moja kabla ya kutoa video nzima. Mbona fundi nguo anakupimisha kabla ya kumaliza kushona?

Sasa sikieni hili. Nimewaomba video ghafi niihariri mwenyewe, wanasema wamezifuta ili kadi zitumike kwenye harusi nyingine. Nimejaribu kuokoa hii waliyotupa: nikiivuta buluu itoke kwenye kanzu, nyuso zinazidi uchungwa, na kuta zinaanza kutoa mistari. Rangi ikishachomwa ndani ya video haibanduki. Nikaha ya dada yangu haitarudiwa, na nyanya aliyemfunga ile leso ni mzee.

Kuna yeyote hapa aliyewahi kufutiwa video ghafi kisha akazirudisha kutoka kwenye kadi iliyorekodiwa tena? Na mnaoandikiana mkataba na studio, mnaandikaje kuhusu kutunza hizo faili? Mdogo wetu anaolewa baada ya Ramadhani.