Mrejesho: kuzingirwa kwa Fort Jesus, mezani

Wapendwa, niliomba ushauri wa kupigana upya vita vya Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa, kwa mchezo wa vijisanamu, maana kuta zilikuwa zikiwalinda Wareno mno na Waomani wanabaki kutazama tu. Aliyeniambia nipunguze mizinga niongeze njaa na maradhi, Mungu ambariki.

Tulicheza barazani kwetu, Mji wa Kale. Zamu moja sasa ni mwezi mmoja, toka Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome ilipoanguka. Mwenye ngome hurusha dadu ya maradhi kabla ya kugusa askari yeyote. Kufikia 1697, ukuta mzima wa baharini ulikuwa na vijisanamu vitatu, na binamu yangu aliyewashika Wareno kanyamaza kimya. Ikaja meli ya Wareno, Santo António de Tanná, kuwaokoa, nimeichonga kwa mbao nikaitia tanga la kitambaa. Ikazama chini ya ngome, kama ilivyozama kweli mwaka ule. Baraza zima lilisimama!

Sasa nataka kuwaingiza mchezoni watu wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, waliopigana ndani ya ngome upande wa Wareno. Husahauliwa sana, na bila wao ngome isingefika 1698. Mwenye wazo la kanuni zao anipe kabla ya Ijumaa, tunarudia baada ya Isha.