Kigoma–Dar kwa ndege: tupeane uzoefu wa muda halisi wa safari

Mwana Gungu: Wakuu, wanaosafiri mara ya kwanza huuliza sana Kigoma–Dar kwa ndege ni muda gani. Tupeane uzoefu, maana anayewahi mgonjwa au msiba anahitaji jibu la kweli.

Naanza na hesabu. Kwa mstari ulionyooka, uwanja wa Kigoma hadi wa Julius Nyerere ni takriban kilomita 1,080. Bombardier Q400, hizi za pangaboi, ikishatulia angani inakimbia kama kilomita 660 kwa saa. Ukigawanya unapata saa moja na dakika 38 hivi. Ongeza kupaa, kushuka na kusubiri zamu ya kutua Dar, panga masaa mawili. Ikipitia Tabora watu hudhani imezunguka. Haijazunguka! Kigoma–Tabora ni kilomita 350, Tabora–Dar 730, jumla ni ileile. Muda unaliwa na kutua, kushusha abiria, kupakia wengine na kupaa upya. Hapo panga masaa matatu.

Binti wa Kasulu: Asante mkuu, ila sisi wa Kasulu safari haianzii uwanjani. Kuna karibu kilomita 100 za barabara kwanza. Mama alipolazwa Muhimbili ghafla, ukoo ulinichangia nauli usiku, alfajiri nikapanda gari kwenda Kigoma. Jioni nilikuwa nimemshika mkono. Kwa treni ningekuwa bado njiani, na kwa basi vilevile. Tangu siku hiyo kwetu tunaweka akiba ya nauli ya dharura, na nawashauri wenye wazazi wazee mfanye hivyo. Halafu msisahau foleni ya Dar: kutoka Kipawa hadi Mbagala jioni inaweza kula muda kama wa ndege yenyewe.

Nyamwezi Asali: Mimi ni Tabora–Kigoma tu. Ndege haifikishi saa nzima, treni ni usiku mzima kwenye reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Nikiwa na madumu ya asali, treni. Nikiwa na mkoba, ndege.

Mama Ujiji: Waislamu wenzangu, hili liangalieni Ramadhani. Saa ya Dar na ya Kigoma ni moja, lakini jua letu linazama zaidi ya nusu saa baada ya la Dar. Ukipanda ndege ya jioni kuja huku unalifuata jua, magharibi inachelewa. Nilivyofundishwa, unafuturu jua likizama pale ulipo, usifuate adhana ya Dar kwenye simu. Wekeni tende na maji karibu, na waelezeni watoto mapema, maana wao ndio huchoka.

Mwana Gungu: Shukrani Mama. Wa Kibondo na Kakonko, nyie mnashukia Kigoma au Mwanza? Na mnalala wapi mkichelewa gari?