Hela ya misheni ni ya askari au ya serikali? Tujadili

Wakuu, juzi jamaa kaniambia askari wanaopelekwa misheni za kulinda amani za UN (Umoja wa Mataifa) hawana cha kulalamika, eti mwajiri wao ni serikali, mshahara nyumbani unaingia kama kawaida, kwa hiyo hela ya UN ikipita hazina ikamegwa ni sawa tu. Mimi nabisha.

UN haimlipi askari mshahara. Inairudishia serikali hela kwa kila kichwa kila mwezi, toka Julai 2022 ni dola 1,448, halafu serikali ndo inaamua kijana apewe ngapi. Anachopewa na UN yenyewe mkononi ni dola 1 na senti 28 kwa siku (na kidogo cha likizo), yaani soda na vocha, basi.

Utetezi wa siku zote ni kwamba serikali imenunua magari na mahema. Sawa, ila vifaa vinalipiwa kivyake, UN wanakuja kabisa kukagua, deraya lisipowaka wanakata. Sasa kama gari lina fungu lake mbona linakula na la dereva?

Kuna sehemu nakubali, siyo nabisha tu. Hiyo 1,448 hesabu yake inaingiza posho, sare, vipimo vya afya na mafunzo kabla ya safari, so kudai askari apewe yote ni kutia chumvi. Kata, lakini onyesha umekata nini. Na tusisahau 2016, EU (Umoja wa Ulaya) waligoma kupitisha posho za AMISOM, ile misheni ya Umoja wa Afrika huko Somalia, mikononi mwa serikali ya Burundi, wakubwa wakavutana huko na aliyekaa Somalia miezi bila kuona kitu ni askari, na mkewe anadaiwa kodi.

Kuna braza mtaani kwetu alienda, nchi siitaji. Mkewe alikuwa anatia alama siku kwenye kalenda ya ukutani na pembeni kaandika kwa penseli hesabu ya bati na saruji. Alivyorudi hela ikaishia kwenye lenta, akauliza makato yamekwendaje, akajibiwa we shukuru umerudi mzima.

Sasa mliowahi kwenda au mna ndugu aliyeenda, hivi mlipewa karatasi inayoonyesha makato au mlikuta tu namba moja imeingia benki?