Oldoinyo Lengai: watu saba, mwongozaji mmoja. Inatosha?

Mama Pacha
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa waliopanda Lengai, ule mlima wa volkano karibu na Ziwa Natron, kwa miguu yao, si walioutazama kwenye picha za watu. Tuko saba, wote wa ofisi moja hapa Dar, mdogo ana miaka 26 na mkubwa 51 (huyo wa 51 ndiye mimi). Tunataka kwenda mwisho wa Agosti. Mimi nilifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu mwaka 2018, ila goti la kushoto tangu hapo linalalamika nikishuka ngazi. Wenzangu mlima wao ni ngazi za ofisini lifti ikigoma.

Wakala tuliyempata ana bei nzuri kuliko wote. Anatupa mwongozaji mmoja kwa watu saba, na anasema si lazima tuanze usiku, tunaweza kuondoka saa kumi na moja alfajiri tukiwa tumelala vizuri. Je, ni sawa? Na ni kweli kwamba aliyepanda Kili, Lengai kwake ni mchezo?

Mzee wa Buti
Shikamoo kama unanizidi. Nimepanda mara mbili, na mara zote mbili niliapa sirudi.

Kilimanjaro unapanda kwa siku kadhaa, unalala, unakunywa chai. Lengai hauna kibanda, hauna maji, hauna kivuli. Ni zaidi ya mita 1,500 za kupanda kwa mkupuo mmoja, na kadiri unavyokaribia juu ndivyo mlima unavyosimama wima. Watu huondoka karibu na saa sita usiku, wanafika kileleni kunapopambazuka, wanaanza kushuka kabla jua halijakolea. Hiyo saa kumi na moja alfajiri ya wakala wako maana yake saa tano asubuhi mtakuwa ukutani, jua la Natron likiwapiga mgongoni na chupa zimeisha. Huyo anayewashauri hivyo sidhani kama amewahi kupanda.

Kuhusu mwongozaji mmoja, jiulize swali moja tu: saa tisa usiku mwenzenu akisema "mimi basi", nani anamshusha? Mwongozaji akishuka naye, sita mmebaki gizani. Asiposhuka, mgonjwa yuko peke yake kwenye kokoto. Mara ya kwanza kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa watano, mmoja akaanza kutapika, ikabidi wote tugeuke. Hela ya kila mtu ikaishia katikati ya mlima. Watu saba wanahitaji waongozaji watatu, kwa uchache kabisa wawili.

Msela wa Mbauda
Goti ndilo litakalokuamulia. Kupanda ni pumzi, kushuka ni magoti. Sehemu nyingine ni mwamba laini wenye vumbi la majivu juu yake, unakanyaga kama umemwagiwa mchanga kwenye sakafu ya vigae. Mimi nusu ya mlima niliushuka kwa makalio. Suruali ya jinzi niliyokwenda nayo niliiacha Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, haikuwa na sehemu ya kukalia tena.

Mkaazi wa Rongai
Mimi Mkenya, sijapanda, lakini mlima huo nauheshimu. Julai 2007 majengo ya Nairobi yalitikisika, watu wakateremka ngazi mbio, wengine wakakesha nje. Baadaye tukaambiwa ni huko kwenu, na Septemba ukalipuka kweli. Watu bado wanaupanda tu?

Olpayian
Wanaupanda, ndugu yangu, lakini waulize wenyeji kwanza. Mimi ni wa upande huo. Majivu ya 2007 na 2008 yaliharibu malisho, tukahamisha mifugo. Mlima haujalala tangu hapo. Ukitulia hutoa lava taratibu ndani ya kreta. Na lava yake si kama ya milima mingine: ni ya magadi. Inatoka nyeusi, nyepesi kama oili chafu, ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ule weupe mnaouona juu mkiwa njiani si theluji, ni magadi. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, chini ya lava nyingine, ila msije mkadanganyika, mguu haujui tofauti hiyo.

Ukingoni pa kreta msisogee hata kama picha inataka. Ukingo unaonekana mgumu kumbe chini ni tupu. Mwongozaji akisema rudi, rudi, hata kama zimebaki hatua 50.

Na jambo jingine, mama. Jina lake kwetu ni Mlima wa Mungu, na wazee bado wanauombea. Msipige kelele kule juu kama mko baa.

Mzee wa Buti
Olpayian kamaliza. Naongeza: lita tatu za maji kila mtu, tochi ya kichwani na betri za akiba, kitambaa cha kufunika pua maana harufu ya salfa inakaba. Wekeni na hela ya ushuru wa vijiji njiani, muulizeni wakala kama imo kwenye bei yake.

Mama Pacha
Marahaba, na asanteni sana. Nimempigia wakala nikaomba mwongozaji wa pili. Kasema tutachangia wenyewe, na kwamba "hakuna anayekwamaga". Tumeachana naye. Nimepewa namba ya kijana wa Engare Sero. Kabla ya kutaja bei aliniuliza nani kati yetu ana presha na nani ana goti. Nikamwambia ni mimi. Kasema atanipa mwongozaji wangu peke yangu, tukifika saa tisa usiku ataniangalia ninavyokanyaga, ndipo aamue. Wenzangu wataendelea na wengine wawili. Nikigeuzwa, nitakwenda ziwani kuangalia heroe na zile nyayo za watu wa kale.

Swali la mwisho: glovu za bustani zinafaa?

Msela wa Mbauda
Zinafaa sana, mwamba unachuna kama msasa. Chukua jozi mbili. Na jinzi iache Dar.