Sarafu ya fedha ya Thrakia, maandishi nukta tupu: nimepigwa?

Mgeni_wa_Sofia: Wakuu, heshima kwenu. Nasoma huku Bulgaria. Kwenye soko la vitu vya kale karibu na kanisa la Aleksandar Nevski kuna mzee anauza sarafu pana ya fedha. Upande mmoja kichwa cha kijana mwenye taji la majani, upande wa pili mwanamume uchi kashika rungu. Anasema ni ya Thrakia, eneo la kale lililokuwa huku Bulgaria na jirani zake. Ila penye maandishi ni nukta tu. Feki?

Kibeto: Nukta? Kimbia mkuu.

SonaraMstaafu: Kibeto, punguza mbio. Nukta si kosa. Sarafu asilia zilitoka kisiwa cha Wagiriki cha Thasos karne ya 2 KK: Dionysos, mungu wa mvinyo, mbele; Herakles, shujaa wa rungu, nyuma; na Kigiriki kinachomtaja Herakles mwokozi wa Wathasos. Mafundi wa bara, Wathrakia na Waselti, wakaiga. Aliyechonga chapa hakujua kusoma, na wa baada yake akaiga kazi yake huyo, hadi herufi zikawa nukta na Herakles akabaki vijiti. Kwenye hizo za kuiga hata magoti yake ni vidonge viwili tu. Lakini fedha ilikuwa fedha, gramu 16 hivi, na mizani haiulizi tahajia.

Msidhani Wathrakia walikuwa wa kuiga tu. Karibu mwaka 500 KK makabila ya jirani na mlima Pangaion, penye migodi, yalipiga sarafu nzito kuliko za miji mingi ya Wagiriki. Mfalme Getas wa Waedoni, moja ya makabila hayo, aliweka mtu na ng'ombe wawili, jina lake kwa herufi za Kigiriki. Na Dionysos hakuwa mgeni kwao: Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anamtaja kati ya miungu waliyoiabudu. Nahisi ndiyo maana sura yake ilikubalika upesi.

Sasa ya kwako. Hizo zilipigwa kwa nyundo. Ukiona mshono ukingoni au vishimo vya hewa, imemiminwa kwenye kalibu. Hata ikiwa halali, usiitoe nchini bila kibali.

Mgeni_wa_Sofia: Shukrani mzee wangu. Nimeikuza picha niliyopiga, mshono umezunguka ukingo wote!

SonaraMstaafu: Mwachie mwenyewe. Anauza bei gani, kwani?

Mgeni_wa_Sofia: Kodi yangu ya mwezi.

Kibeto: Nilisema kimbia.