Kikundi cha Ukoo: gari ya Rehema inatetemeka kwenye breki

Rehema: Shikamooni wakubwa. Anko, nina shida na IST. Nikikanyaga breki nikiwa 80 hivi, usukani unacheza mpaka mikono inatetemeka. Nikienda polepole sisikii kitu. Na Ijumaa ndiyo tunapanda Iringa kwenye sendofu.

Anko: Marahaba mama. Usipokanyaga breki, hiyohiyo 80, usukani umetulia?

Rehema: Umetulia kabisa. Ni breki tu.

Anko: Basi balansi ya tairi tuiache. Tairi isiyo na balansi inatetemesha gari hata mguu ukiwa mbali na breki. Mtetemo unausikia wapi zaidi, usukani au kiti?

Rehema: Usukani. Na pedeli inanipigapiga chini ya mguu.

Baraka: Hiyo si ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga? Ya kwangu nayo hupiga mguu.

Anko: ABS inapiga pale tairi linapotaka kuserereka, umekanyaga ghafla kwenye mchanga au lami yenye maji. Huyu anakanyaga taratibu kwenye lami kavu. Mimi nawaza diski za mbele, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi. Nyuma IST ina breki za ngoma, na ngoma ikiwa na tatizo utaisikia zaidi kwenye kiti. Rehema, tafuta mahali peupe kabisa, nenda 30, vuta hendibreki taratibu huku umebonyeza kitufe chake. Isipotetemeka, nyuma hakuna kesi.

Mama Rehema: Peupe kweli, mwanangu. Si barabarani.

Rehema: Sawa mama, kuna uwanja nyuma ya soko.

Rehema: Nimejaribu. Haitetemeki. Anko, kuna kitu sijasema. Fundi wa hapa mtaani alinibadilishia brekipadi, baada ya muda ndiyo hii ikaanza. Leo anasema raki ya stelingi, ile inayogeuza tairi za mbele, imekufa, nitafute hela.

Anko: Usitoe hela. Raki iliyolegea ungeisikia kwenye mashimo, isingengoja breki. Alipoweka pedi, alipima diski? Nati za tairi alizikaza kwa kifaa gani?

Rehema: Kupima sikuona. Nati alikaza kwa spana, akachomeka bomba, akasimama juu yake.

Anko: Ndiyo hapo. Watu wanasema diski imepinda kwa moto, lakini mara nyingi shida ni unene wake kutolingana. Diski ikikalia kutu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu inapofungwa, au nati zikivutwa upande mmoja kuliko mwingine, inazunguka ikiyumba kidogo sana, hata macho hayaoni. Kila mzunguko inagusa pedi palepale. Pale panaliwa. Ukitembea kilomita za kutosha, pamekuwa pembamba kuliko kwingine, na ukikanyaga breki pedi zinasukumwa na kurudi, mafuta ya breki yanapeleka mapigo mpaka kwenye pedeli. Ndiyo maana haikuanza siku ileile. Baraka, kesho nenda naye kwenye gereji yenye maikromita, kile kifaa cha kupima unene. Simama hapo uangalie.

Baraka: Nitaenda Anko.

Baraka: [picha] Anko tazama hii. Diski iling'ang'ania, fundi akainua nyundo. Nikamzuia. Tukaingiza bolti mbili za M8 kwenye yale matundu yenye nyuzi, tukakaza moja baada ya nyingine kidogokidogo, ikatoka yenyewe. Kutu kwenye habu imejipanga kama magamba ya samaki. Na pini moja ya kalipa, kile kibano cha pedi, kavu, haitembei. Pedi ya ndani imeliwa kuliko ya nje.

Anko: Umefanya vizuri sana kumzuia. Hiyo pini nayo imechangia, pedi inabaki imekumbatia diski hata ukiachia breki. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Pini iwekwe grisi ya silikoni ya breki, si ya beringi, itavimbisha mpira wake. Diski zinasomaje?

Baraka: Sehemu nyembamba imebaki nusu milimita tu juu ya ile MIN iliyochapwa kwenye diski. Fundi anasema zichongwe.

Anko: Zikichongwa zitashuka chini ya kiwango, na diski nyembamba inashika moto haraka. Nunueni mpya zote mbili na pedi zake. Nati zikazwe kwa kupishana kimsalaba, kwa ile spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, 103 Nm, gari ikiwa chini. Bomba hapana.

Shangazi Iringa: Na mlima wa Kitonga je? Kupanda sina hofu, ila Jumapili mtakuwa mnateremka gari imejaa watu na viazi.

Anko: Dada umesema la maana. Rehema, kabla mteremko haujaanza weka gia ndogo, 2 au L, injini iizuie gari. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, achia. Usiikalie mfululizo. Mafuta ya breki yakichemka pedeli inazama, na pale hakuna pa kukimbilia. Baraka, mwambie fundi ayabadilishe kabisa, aweke aina ya DOT 3, maana yakikaa yananyonya unyevu na yanawahi kuchemka.

Rehema: Imefungwa Anko. Sasa hivi nitembee kawaida tu?

Anko: Hapana, kwanza pedi na diski mpya zizoeane. Leo usiku barabara ikiwa tupu, nenda 60, punguza mpaka 10 bila kusimama, ongeza tena. Fanya kama mara kumi, ukiziacha zipate upepo katikati. Ukishamaliza usisimame umekanyaga breki zikiwa za moto, pedi itaacha alama kwenye diski. Wala usiipeleke kuoshwa hapohapo.

Rehema: Nimerudi. 80, 90, usukani umetulia tuli! Pedeli ngumu, haipigi. Asante sana Anko, asante Baraka.

Mama Rehema: Mungu awabariki wanangu. Nilikuwa silali.

Anko: Ijumaa mkifika Chalinze simameni, nati zipimwe tena kwa 103.

Baraka: Spana ya kipimo nimeazima mpaka Jumatatu. Iko kwenye buti.